Zima Sauti, Tazama Pembeni
Hotuba kwa vijana watengenezaji wa filamu na wazee waalikwa, Iringa mjini

Kamwene. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana wa kamera, mambo vipi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kutengeneza filamu ya makala kwa picha za zamani, picha ambazo sisi wenyewe hatukuzipiga. Waandaaji walipenda nianzie kwenye mashine na programu. Huko nitafika, ila nina habari ya kuku ya kuwasimulia kwanza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwingereza mmoja, John Wilson, alieleza kisa cha bwana afya aliyetengeneza filamu ya kama dakika tano kufundisha wanakijiji, katika sehemu moja ya Afrika, jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama. Filamu ilikwenda polepole kupita kiasi: mwaga dimbwi, okota kopo, weka pembeni. Wakawekewa watu thelathini na kitu ambao hawakuwahi kuona filamu. Ilipokwisha wakaulizwa, mmeona nini? Wakasema, tumeona kuku. Wenye filamu wakatazamana, maana hawakujua kwamba mle ndani mna kuku. Ikabidi waukague mkanda fremu kwa fremu. Wakamkuta kweli: kona ya chini, mkono wa kulia, kwa sekunde moja hivi, kuku ameshtuliwa, anaruka na kupotea.

Kisa hicho kimerudiwa sana vitabuni kuthibitisha kwamba watu wetu walikuwa hawajui kutazama filamu. Mimi ninakipenda kwa sababu nyingine kabisa. Wale wanakijiji waliona kitu kilichokuwa kwenye mkanda na ambacho aliyeushika mkanda hakukiona. Hiyo ndiyo kazi niliyokuja kuwaeleza leo. Mtu anayetengeneza filamu kwa picha za zamani za nyanda hizi za juu kusini, kazi yake ni kumtafuta kuku.

Maana fikirini nani alikuwa na kamera huku. Alikuwa nayo ofisa wa serikali, akamfuata nayo gavana. Alikuwa nayo mmisionari, na hao huku walianza mapema: Wamoraviani walifika Rungwe 1891, na baadaye Wakonsolata wakaja Tosamaganga. Alikuwa nayo setla wa chai Mufindi, na mchimba dhahabu wa Lupa huko Chunya aliyetaka kuwaonyesha ndugu zake Ulaya jinsi alivyokuwa akitajirika, au alivyotarajia kutajirika. Kila mmoja alielekeza lenzi kwa anayemjali. Babu zetu hawakuwa wanaojaliwa. Wapo, lakini wapo nyuma ya gari, kwenye kona, wanapita na mizigo, wanashika kamba ya hema. Ukimfuata mpiga picha anakokuelekeza, utatengeneza tena filamu yake, na mara hii utakuwa umeilipia.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza kwa kila kipande ninachopokea ni kuzima sauti. Kama kina msimulizi, ninamnyamazisha. Baadaye nitamrudisha, huenda akafaa, lakini siku ya kwanza hasemi kitu. Msimulizi wa filamu ya zamani anafanya kazi moja tu, kukuambia utazame wapi. Na mara nyingi hata hakuwapo picha zilipopigwa. Chukueni mradi wa filamu za mafunzo uliofanyika Vugiri, kule Usambara, kati ya 1935 na 1937. Walipiga picha kwa mkanda wa milimita 16, kisha sauti ikarekodiwa kwenye sahani za santuri, mbali na picha. Lori lao lilizunguka na projekta na gramafoni Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Kenya na Uganda. Sauti ilikuwa kitu cha kubandika, na kilichobandikwa kinabanduka.

Miaka michache baadaye, 1939, Waingereza wakaunda kitengo chao cha filamu kwa ajili ya makoloni, chini ya William Sellers. Huyu bwana alishikilia nadharia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokatwakatwa. Kwa hiyo akaagiza: kamera itulie, kipande kiwe kirefu, mambo yafuatane taratibu bila ujanja. Ni nadharia ya dharau, sina neno zuri la kuisema. Ila tazameni ilivyotusaidia bila kukusudia. Mhariri wa leo anayepata kipande cha sekunde arobaini, kamera imetulia, ana muda wa kuzunguka ndani ya fremu. Sekunde kumi za kwanza ni za mpiga picha. Watu wamejipanga, wanajua wanatazamwa. Baada ya hapo wanachoka kujipanga. Mtoto anajikuna. Mama anageuka kumwambia mwenzake jambo na wote wawili wanacheka. Hapo ndipo filamu yako inapoanza.

Filamu za nyumbani za masetla ni tofauti. Nyingi zilipigwa kwa kamera za kujaza kwa mkono kama saa. Bolex, kwa mfano, ukiijaza mpaka mwisho inakwenda nusu dakika hivi, halafu inasimama. Kwa hiyo vipande ni vifupi na vinakatika ghafla. Jamaa mmoja aliyezaliwa kwenye mashamba ya chai Mufindi alitupa nakala ya filamu za marehemu baba yake. Kwenye maelezo yake kaandika: mimi nikiendesha baiskeli ya magurudumu matatu. Ndivyo ilivyo, mtoto wa Kizungu anaendesha baiskeli, anazunguka, anaanguka, anainuliwa. Tulizima mawazo ya baiskeli. Nyuma yake kuna mstari wa wachumaji wanaorudi na vikapu, na mbele ya mstari kuna mtu mwenye kofia na fimbo, anahesabu kwa kidole.

Tuliwapelekea wazee picha hizo, kwenye shuka lililotundikwa ukutani. Nitawaambia jambo ambalo hakuna chuo kilichonifundisha: mzee hatambui mtu kwanza. Anatambua mlima. Anatambua njia, mti, na namna paa lilivyoezekwa. Akishajua amesimama wapi, ndipo watu wanaanza kumrudia. Bibi mmoja alikaa kimya mpaka nikadhani amesinzia. Halafu akasema, huyo nyapara alikuwa akimkata mtu siku nzima kwa kikapu kilicholowa maji, anasema umeloweka makusudi kiwe kizito. Kidole cha yule mtu mwenye kofia, ambacho kwenye filamu kilikuwa kinahesabu, kikawa kinafanya kazi nyingine. Mpiga picha alikuwa amerekodi malalamiko ya mishahara bila kujua, nyuma ya baiskeli.

Nawasihi msiende na maswali ya kupigia tiki. Nendeni na kinasa sauti, wekeni picha bila sauti, nyamazeni. Irudieni mara ya pili. Mara ya kwanza watu wanashangaa, mara ya pili ndipo wanaanza kubishana, na mabishano ya wazee ni mali. Mmoja atasema hapo ni kabla ya barabara, mwingine atasema barabara ilikuwapo, daraja ndilo lilikuwa halijajengwa. Usiamue ugomvi huo siku ileile.

Utauamua vipi? Hapo ndipo ufundi unapoingia. Ukiwa na mkanda wenyewe mkononi, si nakala, tazama ukingoni. Mikanda ya Kodak ilipigwa alama ndogo pembeni, mraba, duara, pembetatu na michanganyiko yake, zinazoonyesha mwaka uliotengenezwa. Alama zilirudiwa baada ya miaka 20, kwa hiyo ukikuta alama inayofaa 1937 inafaa pia 1957, na itakubidi utafute gari, sketi au bango lililomo kwenye picha likusaidie kuchagua. Na kumbuka huo ni mwaka wa kiwandani. Mkanda ungeweza kukaa dukani au kabatini miaka miwili kabla ya kutiwa kwenye kamera. Rangi nayo inasema. Kodachrome, iliyoanza 1935, inashika rangi vizuri ajabu. Mikanda mingine mingi ya rangi ya miaka ya 1950 hadi 1970 imegeuka wekundu, kila kitu kinaonekana kama kimechovywa kwenye juisi ya rozela.

Ukifungua kopo likanuka siki, funga. Usiutie mkanda huo kwenye projekta, hata kama una hamu kiasi gani. Plastiki yake ya asetati inaoza yenyewe na kutoa asidi, inajikunja, inasinyaa, na matundu ya pembeni hayaoani tena na meno ya mashine. Utachanika. Mkanda wa namna hiyo unataka skana maalumu, na unataka kutengwa na mingine kwa sababu mvuke wake unaharakisha uozo wa majirani. Baridi inapunguza kasi, na hapo watu wa Njombe na Makete mna bahati msiyoijua. Watu wa Tukuyu, mvua yenu inaleta ukungu, poleni.

Mkishaskani, kuna mambo mawili ninayoyaona kila siku kwenye simu na yananiudhi. La kwanza ni mwendo. Filamu nyingi za kimya zilipigwa kwa fremu kama 16 kwa sekunde. Mkiziweka kwa 24 au 25 za leo, watu wanatembea mara moja na nusu ya mwendo wao. Wazee wetu wanarukaruka kama vikaragosi na watazamaji wanacheka. Ile si desturi ya kale, ni uvivu wa mhariri. Rekebisheni mwendo mpaka hatua ya mtu mzima iwe hatua ya mtu mzima. La pili ni umbo. Picha ya zamani ni karibu mraba, skrini zenu ni ndefu kwa upana. Basi mtu anaivuta mpaka nyuso zinakuwa pana, au anakata juu na chini ili ijae. Ukikata kingo, umemkata kuku. Acheni weusi kulia na kushoto, hakuna atakayekufa.

Na hizi programu mpya za kutia rangi na kung'arisha. Najua mnazipenda, nami nimezijaribu. Programu haijui rangi ya nguo ya bibi yako. Inabahatisha kutokana na picha nyingi ilizolishwa, na kaniki haikuwa nyingi miongoni mwake, hivyo utaona mama wa Uhehe wa miaka ya 1930 amevaa kitambaa cha kahawia cha kutungwa. Mbaya zaidi ni zile zinazorudisha sura. Uso uliokuwa vidoa kumi na viwili vya kijivu, programu inauchonga upya na macho na pua ya mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Mjukuu anakuja kutafuta uso wa babu yake, unampa uso wa kompyuta. Kufuta mikwaruzo sina tatizo. Kumuumba mtu, hapana.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Msidhani kuzima sauti ni kwa filamu za wakoloni peke yake. Tuna picha zetu wenyewe baada ya uhuru, za kampuni ya filamu ya taifa iliyoanzishwa 1968, na za vitengo vya serikali. Tuna picha zilizopigwa na Wachina wakati wa ujenzi wa TAZARA kati ya 1970 na 1975, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na kipande cha Mlimba hadi Makambako kikiwa ndicho kigumu kuliko vyote, mahandaki na madaraja mlima baada ya mlima. Msimulizi pale anazungumza juu ya urafiki, na urafiki ulikuwapo, sikatai. Lakini mzimeni kidogo. Tazameni nani anabeba taruma na nani anashika ramani. Tazameni viatu. Picha za Operesheni Vijiji, pale serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vipya, nazo hivyohivyo. Kila mtu anapiga ngoma mbele, kumbe kule nyuma kuna familia imekaa juu ya magodoro yake na haipigi ngoma.

Tatizo letu jingine ni kwamba kuna miaka mingi ambayo picha hazipo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Hakukuwa na habari ya saa mbili usiku ya kurekodi maisha ya Mafinga au Mbozi. Kulikuwa na redio. Sauti za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambazo urithi wake uko TBC, ndiyo filamu yetu ya miaka ile, hotuba, kwaya, ngoma, salamu. Kwa hiyo msiogope skrini kukaa tupu. Nimewahi kuacha picha moja ya barabara ya vumbi ikakaa muda mrefu huku redio inasema. Nisichofanya ni kuchukua umati wa Mwanza na kuuweka chini ya sauti ya mkutano wa Iringa kana kwamba ndio wenyewe. Mtazamaji wa Mwanza yupo, na atakuandikia. Ukilazimika kutumia picha ya mahali pengine, andika kwenye skrini ni wapi. Maneno matatu yanatosha.

Kuhusu haki, kwa ufupi. Aliye na mkanda siye lazima mwenye haki. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi za picha za sauti na kuona kwa miaka 50, ofisi ya COSOTA ndiyo ya kuuliza, na Bodi ya Filamu ndiyo inayotoa kibali. Hifadhi za ng'ambo zinakupa kwanza nakala ya kutazamia, yenye nembo katikati na namba za muda zikikimbia chini. Haririni kwa hiyo. Msilipie chochote mpaka mhariri aseme filamu imekwisha, kwa sababu wanatoza kwa sekunde au dakika, na kwa eneo la maonyesho, na kwa miaka. Ombeni bei ya kuonyesha Tanzania na sherehe za filamu tu. Halafu semeni ninyi ni nani na mko wapi. Baadhi yao siku hizi wanaona aibu kumtoza mtu wa Kalenga kwa picha ya Kalenga, na aibu hiyo itumieni vizuri.

Nimetaja Kalenga, siwezi kupita hivihivi. Juni 1954 Gavana Edward Twining alikuja pale kukabidhi fuvu la Mtwa Mkwawa, akampa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye tulimjua kama Spika wa Bunge. Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikufa Julai 1898, na fuvu lake likachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza fuvu lirudishwe ndani ya miezi sita, na ikachukua miaka 35. Kijana akitengeneza filamu juu ya siku ile, picha zitamvuta sehemu mbili: kwa gavana na kwa fuvu. Ushauri wangu ni kuyakwepa yote mawili kadiri inavyowezekana. Gavana alikuwa na hesabu zake. Kenya ilikuwa inawaka vita vya Mau Mau na Uingereza ilihitaji Wahehe wawe upande wake. Mwezi uliofuata, Julai 7, TANU ikazaliwa Dar es Salaam. Na fuvu ni mwili wa mtu, lina familia, na familia ndiyo ya kuulizwa kabla ya kuliweka likijaa skrini. Ninachotaka kukiona mimi ni umati. Kati ya waliokuja walikuwamo wazee waliokuwa watoto au vijana wakati wa vita vya Mkwawa na Wajerumani. Mzee aliyezaliwa 1885 alikuwa na miaka 69 tu siku ile. Nyuso hizo ndizo filamu. Ukipata picha yoyote, hata ya mnato, ambayo mtu ameipiga kwa makosa akageuzia kamera upande wa watu, hiyo ni ya thamani kuliko nyingine zote za siku hiyo.

Hilo ndilo linalonifanya niseme, acheni kuota London na Berlin peke yake. Huko muende, British Pathé waliweka filamu zao 85,000 kwenye YouTube mwaka 2014, mnaweza kuanza leo usiku kwa bando la chuo. Lakini hifadhi kubwa isiyoguswa iko kwenye makabati ya mji huu. Ni kanda za VHS za miaka ya 1990. Arusi, ubarikio, misiba, mahafali, mikutano ya injili. Mpiga video alilipwa ampige bwana arusi, lakini kanda ilikuwa na masaa matatu na yeye alikuwa na muda, kwa hiyo akazunguka. Kapiga jikoni. Kapiga barabara ya kwenda ukumbini, na Iringa ya wakati ule imo yote, maduka, magari, miti iliyokatwa. Kanda hizo zinakufa kuliko filamu. Sumaku inafifia, ukungu unaingia kwenye utepe, na deki zinazosoma zimegeuzwa vyuma chakavu. Mkanda wa milimita 16 wa mwaka 1950 una nafasi nzuri ya kuishi kuliko arusi ya dada yako ya 1997.

Ukipata kanda, usiicheze kujaribu. Itazame kwanza kwenye mwanga kama ina unga mweupe. Izungushe mbele mpaka mwisho na urudishe, taratibu, ndipo ucheze, na unapocheza uwe tayari unarekodi, kwa sababu huenda usipate mara ya pili. Tunza faili la kwanza bila kuligusa, nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Andika kwenye daftari, si kwenye kompyuta tu, nani kakupa, kasema nini juu ya waliomo, na amekuruhusu kufanya nini. Wenye arusi wengine hawaishi tena pamoja. Uliza.

Nimeona baadhi ya akina mama mmekuja na mifuko, na tulisema kwenye tangazo. Pale mlangoni kuna deki mbili zinazofanya kazi na kijana wa kunakili. Anachukua kanda moja kwa kila mtu leo, bure, na hazitoki ndani ya ukumbi bila mwenyewe. Zenye ukungu nipeni mimi, nitazipeleka kusafishwa na nitaandikiana na kila mmoja. Wakati zinanakiliwa tutawasha projekta bila sauti, na wazee mtatuambia ni wapi. Maswali nitayajibu wakati huohuo. Kijana wa shati la bluu, ulinyoosha mkono tangu kwenye habari ya programu za rangi. Sema.